Koki moja, nyumba tatu: mstari unaokata katikati na kazi yake kwenye pembetatu

#1 Mkazi_wa_Kibosho

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Uzi wangu ni wa hesabu, ila umeanzia kwenye maji, naomba mnivumilie.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, alichotuachia marehemu baba kina nyumba tatu. Ya kaka iko juu, yangu iko chini upande wa magharibi, ya mama iko chini upande wa mashariki. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mama ni mita 56. Kwangu hadi kwa kaka ni 52. Kwa kaka hadi kwa mama ni 60. Tulichangishana tukavuta bomba moja, koki moja, na kila nyumba ikanunua mpira wa maji wa mita 33. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta mahali pa kuweka koki ili mipira yote mitatu ifike.

Nikafanya kama ambavyo wengi wangefanya. Kutoka kila mlango nikavuta kamba hadi katikati ya upande wa mbele yake. Kamba tatu zikakutana sehemu moja safi kabisa, nikapiga kigingi, nikamwambia fundi bomba achimbe. Siku ya kufungulia maji, mpira wangu ulifika na mita tatu zikabaki zimelala kwenye majani. Wa kaka ulifika, ukabakiza kama nusu mita. Wa mama uliishia chini ya mgomba, mita moja na nusu na zaidi kabla ya mlango wake. Mama hakusema kitu. Alichukua ndoo akaja kukinga maji kwa mkono kama siku zote. Iliniuma sana.

Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeniokoa. Akaniambia, "Mjomba, umetafuta pale ambapo pembetatu ya bati ingekaa sawa juu ya ncha ya penseli. Hapo hapako mbali sawa na kona zote." Akachukua bikari, akachora kingine kabisa: kwa kila upande wa pembetatu, mstari unaopita katikati ya upande huo na kuukata kwa pembemraba. Darasani tuliambiwa unaitwa perpendikula baisekta, tukakariri jina, tukafanya mtihani, basi. Humu nitauita mkatakati ili tusichoshane.

Nikarudi shambani na kamba ya katani. Unafunga kamba kwenye kigingi cha mlango mmoja, unazungusha tao. Unahamia mlango wa pili, kamba urefu uleule, unazungusha tao lingine. Yanapokatana ndipo mkatakati unapopita. Kamba lazima izidi nusu ya umbali, la sivyo matao hayakutani. Kwa mita 56 lazima ipite 28. Vitabuni wanataka matao yakatane pande mbili za mstari, lakini upande wa chini kwetu ni shamba la jirani na sikutaka kuingia na kamba zangu kwenye mahindi yake. Nikapiga matao ya mita 40, halafu ya mita 30, yote upande wetu. Nukta mbili zilipatikana, na nukta mbili zinatosha kuvuta mstari.

Nilichora mkatakati wa kwangu na mama, kisha wa kwangu na kaka. Vikakatana. Nikapima: mita 32 na nusu kwangu, 32 na nusu kwa mama, 32 na nusu kwa kaka. Kigingi kilikuwa kimesogea chini ya mita tatu tu kutoka pale pa kwanza! Koki imehamishwa, mama anamwagilia mchicha wake kwa mpira.

Swali langu kwenu: kwa kujiridhisha nilichora na mkatakati wa tatu, wa kaka na mama. Ukapita juu ya kigingi kilekile, umekosea kwa shibiri moja, na hiyo ni kamba kulegea. Mistari miwili lazima ikatane mahali, sawa. Ila ni nini kinaulazimisha wa tatu upite hapohapo? Mpwa anasema "ndivyo ilivyo". Mimi sijaridhika.

#2 Msomaji_Rau

Naweka kambi hapa.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Mkazi wa Kibosho, swali lako ndilo swali lenyewe. Nimefundisha hesabu miaka mingi hapa Moshi na wanafunzi walioniuliza hivyo hawazidi vidole vya mikono yangu.

Usiufikirie mkatakati kama mstari uliochorwa. Ufikirie kama watu waliokusanyika. Mkatakati wa nyumba yako na ya mama ni mkusanyiko wa nukta zote zilizo mbali sawa na nyumba hizo mbili. Nukta ikiwa juu yake, iko sawa kwa wote wawili. Ikiwa nje yake, iko karibu na mmoja kuliko mwingine. Pande zote mbili za kauli hiyo ni za kweli, na yote mawili tunayahitaji.

Sasa simama kwenye kigingi chako. Kiko juu ya mkatakati wa wewe na mama, kwa hiyo umbali hadi kwako ni sawa na umbali hadi kwa mama. Kiko pia juu ya mkatakati wa wewe na kaka, kwa hiyo umbali hadi kwako ni sawa na umbali hadi kwa kaka. Basi umbali hadi kwa mama na umbali hadi kwa kaka vyote viwili ni sawa na umbali hadi kwako. Vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja vinakuwaje vyenyewe kwa vyenyewe? Kigingi kiko mbali sawa na mama na kaka, na nukta ya namna hiyo haina pa kukaa isipokuwa juu ya mkatakati wao. Wa tatu hana hiari.

Na kwa kuwa kigingi kiko mbali sawa na milango yote mitatu, ukifunga kamba ya mita 32.5 hapo na kuzungusha, duara litapita kwenye milango yote. Euclid aliyeishi Alexandria, Misri, kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliliandika jambo hili kwenye kitabu chake cha nne, pendekezo la tano: kuizungushia pembetatu yoyote duara. Pembetatu yoyote, mradi kona zake hazijapangana kwenye mstari mmoja ulionyooka.

#4 Mama_wa_Wawili

Mwalimu shikamoo. Naomba niongeze njia niliyowaonyesha wanangu mezani, haihitaji bikari.

Kata pembetatu ya karatasi. Kunja mpaka kona moja ilale juu ya kona nyingine, bonyeza mkunjo, fungua. Mkunjo huo ndio mkatakati wa kona hizo mbili. Sababu inaonekana kwa macho: wakati unakunja, nukta zilizo kwenye mkunjo hazikuhama, ila kona ya kwanza imehamia juu ya ya pili. Basi umbali wa mkunjo hadi kona ya kwanza na hadi ya pili ni umbali uleule. Rudia kwa kona nyingine. Mikunjo mitatu inakutana kwenye nukta moja, na mtoto wa darasa la tano anashangaa kama mtu mzima.

Angalizo: pembetatu iwe na pembe kali zote tatu. Mwanangu mdogo alikata moja iliyofunguka sana, mikunjo haikukutana kwenye karatasi, akalia kwamba amekosea. Sikuwa na jibu la kumpa.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba, mama. Mwanao hakukosea hata kidogo. Mikunjo yake inakutana nje ya karatasi. Abandike pembetatu yake juu ya gazeti kisha aendeleze mikunjo kwa rula, ataiona inakutana juu ya gazeti.

#6 Fundi_Pasua

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, niko Pasua. Sikujua kwamba ninachofanya kina Euclid ndani yake.

Mteja akileta puli iliyovunjika, mara nyingi analeta kipande tu, vingine vimeshauzwa chuma chakavu. Mimi nahitaji kujua puli nzima ilikuwa na ukubwa gani. Nalaza kipande juu ya ubao, nachora ukingo wake, naweka alama tatu kwenye ukingo. Nachora mkatakati wa alama ya kwanza na ya pili, kisha wa pili na ya tatu. Vinapokutana ndipo ekseli ilipokuwa inapita. Marehemu bosi wangu alinifundisha hivyo, na alikuwa ameishia darasa la nne.

Alama zako ziwe mbalimbali. Ukiziweka karibu karibu, mistari inakutana kwa pembe nyembamba sana na kosa la unene wa penseli linakuwa kosa la vidole viwili kwenye kitovu.

Nikiwa na haraka natumia njia fupi. Laza rula ikatishe kutoka ukingo hadi ukingo wa kipande, pima urefu huo. Pale katikati yake pima kina mpaka kwenye ukingo wa mviringo. Juzi nilipata sentimita 24 na kina 8. Zidisha 24 kwa 24, gawa kwa mara nane ya kina, ongeza nusu ya kina: 576 gawa kwa 64 ni 9, jumlisha 4, unapata 13. Puli ya kipenyo cha sentimita 26. Nikaikuta sokoni ikakaa kama ya kuzaliwa nayo.

#7 Mkazi_wa_Kibosho

Mwalimu, nimesoma mara tatu, ya tatu nimeelewa. "Wa tatu hana hiari." Nimemsomea mpwa wangu, ameandika kwenye daftari.

Fundi, hiyo njia ya kina naichukua.

#8 Dada_wa_Moshono

Habari zenu. Huu uzi umenikuta kwenye shida hiyohiyo, ila yangu imekataa.

Niko Moshono, Arusha. Kiwanja cha ukoo kimepinda kama kiwiko kilichokunjuliwa. Kuna nyumba mwanzoni, nyumba mwishoni, na ya mama mkwe iko pale kwenye kiwiko. Tunataka kuchimba kisima kimoja. Nyumba za mwanzo na mwisho zimeachana kama mita 55 hivi, na nyumba ya kati haiko mbali na mstari wao. Nimefuata maelezo yenu hatua kwa hatua. Mistari imekutana nje ya uzio, kwenye shamba la jirani! Shemeji anasema hesabu imetukatalia. Mimi naona nimekosea mahali.

#9 Mwalimu_Mstaafu

Dada wa Moshono, pole, na hongera kwa kupima vizuri. Hukukosea.

Kitovu cha duara, yaani pale mikatakati inapokutana, kina desturi zake. Pembetatu ikiwa na pembe kali zote, kitovu kiko ndani, kama Kibosho. Ikiwa na pembemraba, kitovu kinakaa katikati kabisa ya upande mrefu ulio mkabala na pembe hiyo. Mafundi ujenzi wanaopima kona ya msingi kwa 3, 4 na 5 wanaweza kulijaribu hili leo: katikati ya ile 5 utakuwa mbali mbili na nusu kutoka kila kona. Na pembe moja ikiwa butu, kitovu kinaruka upande mrefu na kutoka nje. Kiwiko chenu ni pembe butu.

Tuchukue vipimo vinavyokaribia vyako na vinavyoleta namba kamili: mwanzo hadi mwisho 56, mwanzo hadi kiwiko 25, kiwiko hadi mwisho 39. (Nimevichagua kwa makusudi, nitasema baadaye.) Nusukipenyo cha duara hupatikana kwa kuzidisha pande zote tatu na kugawa kwa mara nne ya eneo. 25 mara 39 mara 56 ni 54,600. Eneo ni mita za mraba 420, mara nne ni 1,680. Jibu ni 32.5. Kitovu kiko mita 16.5 nje ya upande mrefu. Ndiyo hapo kwenye shamba la jirani.

Ila dada, jiulize kwanza unataka nini. Ukitaka wote watembee sawasawa kabisa, jibu ni mita 32.5 kila mmoja, na mnunue shamba la jirani. Kama nia ni kwamba asiwepo anayetembea mbali sana, weka kisima katikati ya ule mstari wa mita 56. Wa mwanzo atatembea 28, wa mwisho 28, na mama mkwe 17. Hawako sawa, lakini kila mmoja anatembea kidogo kuliko angetembea kwenye usawa. Pembe ikiwa butu hivyo ndivyo inavyokuwa siku zote: katikati ya upande mrefu inashinda kitovu cha duara kwa watu wote watatu.

#10 Fundi_Pasua

Mwalimu, hii sikuijua. Yaani usawa unawachosha wote?

#11 Mwalimu_Mstaafu

Kwenye pembe butu, ndiyo. Kwenye pembetatu ya Kibosho hapana. Pale kitovu cha mikatakati ndicho pia kinachompunguzia safari aliye mbali zaidi. Ndugu yetu alipata vyote viwili kwa mkupuo.

#12 Mpima_Ardhi

Naomba niingie na mambo ya shambani, maana mimi kazi yangu ni ya vigingi.

Kwanza mteremko. Kibosho ni mlimani. Ukipima kwa tepu iliyolala juu ya ardhi unapata umbali wa mteremko, na ramani ya kiwanja inaandika umbali wa bapa, tepu ikiwa imenyooshwa sawa na maji yaliyotulia. Ukichanganya vipimo vya namna mbili, mikatakati yako haitakutana. Shibiri moja ya mkuu Kibosho ni kazi nzuri sana. Kwa suala la mipira ya maji, ambayo yenyewe inalala chini, alifanya sahihi kupima juu ya ardhi: mteremko usio na mabonde bado ni bapa, umeinamishwa tu, na kila kitu alichosema Mwalimu kinafanya kazi juu yake.

Pili, dada wa Moshono, kisima na bomba ni hesabu mbili tofauti. Mkichimba kisima na watu wachote kwa ndoo, fuateni Mwalimu. Mkiweka tangi na kuchimba mtaro wa bomba hadi kila nyumba, gharama yenu ni jumla ya mitaro. Swali hilo Pierre de Fermat wa Ufaransa alimtupia Torricelli wa Italia karne ya 17: ni nukta gani ambayo jumla ya umbali wake hadi kona tatu ni ndogo kuliko zote? Jibu ni nukta ambayo ukisimama hapo unaziona kona tatu zimetengana kwa nyuzi 120 kila moja. Lakini kona moja ya pembetatu ikifika nyuzi 120 au kuzidi, nukta ni kona yenyewe. Kwa vipimo vya Mwalimu, kiwiko chenu kina nyuzi 120 na nusu. Tangi likikaa kwa mama mkwe, mtaro ni 25 na 39, jumla 64. Likikaa katikati ya upande mrefu, ni 28, 28 na 17, jumla 73. Kwenye kitovu cha duara, 97.5.

Kwa Kibosho tofauti ni ndogo mno. Nimepiga: jumla ndogo kabisa ni kama 96.8, yeye ana 97.5. Asihangaike.

#13 Kijana_wa_Sakina

Sisi wa Arusha tumekua tukiambiwa kwamba Mnara wa Saa pale mjini uko katikati ya Cairo na Cape Town. Wageni wanapigia picha. Hiyo nayo ni mkatakati?

#14 Mpima_Ardhi

Ni mkatakati, na swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani.

Nimepiga kwa mstari wa anga juu ya mpira wa dunia. Arusha hadi Cairo ni kama kilomita 3,760. Arusha hadi Cape Town ni kama 3,890. Tofauti kama kilomita 130, na kwa bara zima hiyo ni karibu sana. Ukienda kusini ya Arusha kama kilomita 70, upande wa Simanjiro, ndipo unaukanyaga mkatakati wenyewe.

Kuna neno linalochanganya watu kwenye hadithi ya mnara, nalo ni "katikati". Mkatakati wa Cairo na Cape Town ni mstari unaozunguka dunia nzima. Kila kijiji kilichokaa juu yake kiko mbali sawa na miji hiyo miwili. Katikati yenyewe, pale ambapo ndege ingepita ikinyoosha kutoka mji mmoja hadi mwingine, ni ndani ya misitu ya Kongo, kusini ya Kisangani. Simanjiro iko sawa kwa wote, ila haiko njiani.

Na maadamu tuko hapo: mkatakati pia ni mpaka. Tuseme nyumba zote tatu za Kibosho zina koki yake kila moja, na mtu yuko shambani ana kiu. Ataenda koki ipi? Mikatakati ndiyo inayogawa kihamba katika sehemu tatu, kila sehemu na koki iliyo karibu nayo, na pale kwenye kigingi mipaka yote mitatu inakutana. Daktari John Snow alipochunguza kipindupindu London mwaka 1854, alichora kwenye ramani mstari wa mahali ambapo umbali wa kutembea hadi pampu ya Broad Street ulikuwa sawa na umbali hadi pampu nyingine za jirani. Vifo vilijaa ndani ya mstari huo. Yeye alipima kwa njia za mitaa, maana watu hawapiti ukutani. Mwaka 1911 Mmarekani Alfred Thiessen alitumia wazo lilelile kwa mvua: kila kipande cha ardhi kipewe kipimo cha kituo cha mvua kilicho karibu nacho. Vipande hivyo bado vinaitwa kwa jina lake. Kwetu Kilimanjaro lazima uwe mwangalifu, kwa sababu mlima unazuia mvua. Upande wa kusini ni migomba na mifongo (mifereji ya asili ya maji), upande wa kaskazini ni pakavu, na kituo kilicho karibu nawe kwa kilomita kinaweza kuwa upande mwingine wa mlima.

#15 Mama_wa_Wawili

Nimefanya la gazeti. Mikunjo imekutana nje kama Mwalimu alivyosema, mwanangu mdogo ameishikilia karatasi hiyo hadi kitandani.

#16 Mkazi_wa_Kibosho

Mwalimu, ulisema namba za Moshono umezichagua kwa makusudi. Nimeona kwamba Kibosho ni 32.5 na Moshono ni 32.5. Mdogo wetu aliyeko Dar anataka naye kujenga hapa kihambani, kwa hiyo naziangalia hizi namba kila siku.

#17 Mwalimu_Mstaafu

Nilikuwa nasubiri mmoja auone.

Chora upande wa mita 56, kwako kushoto, kwa mama kulia. Tembea mita 20 kutoka kwako kuelekea kwa mama, kisha geuka kwa pembemraba, panda juu mita 48. Umefika kwa kaka. Hakiki kwa kanuni ya Pythagoras: 20 na 48 zinatoa 52 (20 mara 20 jumlisha 48 mara 48 ni 52 mara 52), na 36 zilizobaki pamoja na 48 zinatoa 60. Sasa rudi, tembea mita 20 zilezile lakini panda juu 15 tu. Hapo ndipo kiwiko cha Moshono: 20 na 15 zinatoa 25, 36 na 15 zinatoa 39.

Nukta hiyo ya kiwiko ina kazi yake ndani ya pembetatu ya Kibosho. Kutoka kila mlango dondosha mstari unaoufikia upande wa mbele kwa pembemraba. Hivi ni vimo vya pembetatu, na havipiti katikati ya upande isipokuwa kwa bahati ya umbo. Vimo vitatu navyo hukutana kwenye nukta moja, na kwa Kibosho nukta hiyo ni 20 na 15. Kiwiko chenyewe! Ndiyo maana duara lina ukubwa uleule. Chukua duara la Kibosho, likunje juu ya ule mstari wa mita 56 kama mama alivyokunja karatasi, na litapita kwenye nukta ya vimo. Kitovu cha Kibosho kiko mita 16.5 ndani, cha Moshono kiko mita 16.5 nje. Ni pembetatu yoyote, siyo hii tu.

Na bado. Kigingi chako cha kwanza, kile kilichomnyima mama maji, kilikuwa mita 25 na theluthi kutoka kwako, kisha juu 16. Kigingi cha sasa kiko 28 na 16.5. Nukta ya vimo iko 20 na 15. Weka rula: zote tatu ziko kwenye mstari mmoja, na kutoka kigingi cha kwanza hadi nukta ya vimo ni mara mbili kamili ya kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili. Leonhard Euler ndiye aliyeuona mstari huo, karne ya 18, na umebeba jina lake. Nilipooneshwa mara ya kwanza nilikuwa kijana chuoni, na usiku ule niliichora kwa pembetatu nane tofauti nikitafuta moja itakayokataa.

Kuhusu mdogo wako: asitafute mkatakati mwingine. Nukta nne si lazima ziwe kwenye duara moja. Afunge kamba ya mita 32.5 kwenye koki, azungushe, na ajenge mlango wake popote kwenye mstari huo au ndani yake. Mpira wa mita 33 utamfikia.

#18 Mkazi_wa_Kibosho

Jumapili nimevuta kamba ya kimo kutoka kwa kaka. Imeshuka mita 20 kutoka kwangu kama ulivyoandika. Nimepiga vigingi vitatu na kuvifunga uzi mwekundu. Majirani wanauliza kama ninauza kiwanja.

Mdogo ametumiwa mchoro wa duara. Amechagua upande wa juu, karibu na mparachichi.

#19 Dada_wa_Moshono

Nimechelewa kurudi, tulikuwa na kikao cha familia jana. Niliwachorea sehemu zote tatu kwenye karatasi ya manila: shambani kwa jirani, katikati ya mstari mrefu, na mlangoni kwa mama mkwe, kila moja na mita zake.

Shemeji alitaka ya mlangoni kwa sababu ya mtaro mfupi. Baba mkwe akauliza ni lini tutapata hela ya pampu na tangi. Hakuna aliyejibu, kwa hiyo ni ndoo, na ndoo ni hesabu ya Mwalimu: 28, 28 na 17. Kwa vipimo vyetu halisi imekuja 27 na nusu, 27 na nusu na 18.

Aliyekuwa na wasiwasi ni mama mkwe mwenyewe. Alisema si vizuri yeye kupata karibu kuliko watoto. Mume wangu akamwambia, mama, una miaka sabini na mbili. Mchimba kisima anakuja Jumamosi.